Tasnifu ya uzamili kuhusu uwakilishi wa kisiasa wa Walatino wa Marekani: naomba ushauri

Mtafiti wa Malimbe

Wakubwa zangu, shikamooni. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Mwanza, na tasnifu yangu inahusu uwakilishi wa kisiasa wa Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika ya Latini, nchini Marekani. Andiko langu la utafiti lilianzia mwaka 1848, Mexico iliposhindwa vita na kuiachia Marekani eneo kubwa la ardhi yake pamoja na watu waliokuwamo, likaendelea hadi leo. Msimamizi wangu amelirudisha. Anasema nimewahesabu waliochaguliwa bila kueleza kilichowawezesha kuchaguliwa. Kwa kweli hesabu ndiyo iliyonivuta: sensa ya mwaka 2020 ilipata Walatino milioni 62.1, karibu watu 19 katika kila 100, ilhali katika Bunge la nchi hiyo hawajawahi kuufikia uwiano huo. Je, nipunguze miaka, nipunguze eneo, au nibadili swali lenyewe?

Mwalimu wa Nyakato

Marahaba. Badili swali, na eneo litajipunguza lenyewe. Itazame Los Angeles. Edward Roybal, Mlatino, aligombea udiwani mwaka 1947 akashindwa. Wenzake wakaanzisha chama cha Community Service Organization, wakapita nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura, na mwaka 1949 akashinda katika eneo walimoishi pia Wayahudi, Wamarekani weusi na Wajapani. Alipochaguliwa kuingia Bungeni mwaka 1962, kiti chake cha udiwani kilikwenda kwa mtu mwingine, na hakuna Mlatino aliyeketi tena katika baraza la jiji lile hadi mwaka 1985, ingawa Walatino waliendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka. Mimi ningeiandika tasnifu nzima juu ya miaka hiyo 23. Utalazimika kuichunguza mipaka ya maeneo ya uchaguzi, nani aliichora na kwa manufaa ya nani, kwa sababu mwaka 1990 mahakama iliamua katika kesi ya Garza kwamba viongozi wa kaunti ya Los Angeles walikuwa wameichora kwa namna iliyozigawa na kuzidhoofisha kura za Walatino. Mipaka ilipochorwa upya, Mlatino Gloria Molina alichaguliwa kuingia katika baraza la kaunti mwaka 1991.

Mama Ukerewe

Nakubaliana na Mwalimu, ila neno "Walatino" lishike kwa uangalifu, mwanangu. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, lakini mjumbe wa kisiwa chao hana kura ya kupitisha sheria Bungeni. New Mexico ilikuwa na seneta Dennis Chávez tangu mwaka 1935, wakati ambapo Texas bado ilitoza kodi ya kupiga kura iliyowaumiza maskini. Sensa ya kwanza kuwauliza watu wote kama wana asili ya Kihispania ni ya mwaka 1980. Aliyempigia Roybal kura mwaka 1949 huenda alijiita Mmexico tu. Nakusihi pia ujifunze Kihispania, maana gazeti la La Opinión limechapishwa kwa lugha hiyo mjini Los Angeles tangu mwaka 1926, na asiyelisoma atazisikia sauti za mahakama pekee.

Mzee wa Kirumba

Niongeze tahadhari moja, kwa kuwa mtafiti wa huku atashawishika kulinganisha. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi. Hapo mkoloni ndiye aliyetenga viti, na aliwapa wachache nguvu kuliko idadi yao. Sheria ya Marekani ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, iliyopanuliwa mwaka 1975 ili kuwalinda pia wanaozungumza lugha nyingine, haitengi kiti hata kimoja. Marekebisho ya mwaka 1982 yanasema wazi kwamba hakuna haki ya kupata viti kulingana na idadi. Viti walivyoshinda Walatino usiviite viti maalumu.

Mtafiti wa Malimbe

Nawashukuru sana. Neno hilo la viti maalumu lilikuwamo katika ukurasa wangu wa tatu, na nimelifuta. Jumatatu nitampelekea msimamizi andiko jipya lenye swali moja: kwa nini baraza la jiji la Los Angeles lilikaa bila diwani Mlatino kuanzia mwaka 1962 hadi 1985?