Naombeni ushauri: nataka kutengeneza waini ya choya nyumbani, nianzie wapi? (Niko Moshi)

Kijana wa Pasua
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi hapa Pasua, nimeletewa choya kavu (yale maua mekundu ya juisi) na shangazi kutoka Same, mzigo wa maana, juisi tumekunywa mpaka watoto wamegoma. Nikawaza si nitengeneze waini. Desemba ukoo wote unarudi nyumbani kuhesabiwa na safari hii wageni wanafikia kwangu, sasa bia zilivyopanda bei nikiwawekea waini ya nyumbani hela nimeokoa na heshima juu.

Nina ndoo ya lita 20 ya mfuniko wa kubana, hamira ya maandazi na sukari. Jirani anasema nichemshe choya, niweke sukari na hamira, nifunge kabisa hewa isiingie, wiki moja iko tayari. Mwingine anasema nikifunga hivyo itanilipukia. Nani mkweli? Na hamira hii inafaa au lazima ile ya waini? Na je haina madhara, maana tunasikia watu wanapofuka kwa pombe za kienyeji. Wife yeye anataka iwe tamu tamu. Hii ni katikati ya Novemba, muda si unatosha? Wale wa kunihubiria naomba mpite kushoto.

Meku wa Uru
Aisee mangi, umezaliwa huku halafu unahangaika na choya? Piga mbege. Ndizi zipo, ulezi upo, msesewe upo, ndani ya wiki watu wanakunywa kwa kata. Waini ya nini mgombani.

Mpita Njia
Umesema tupite kushoto ila mi nakatiza katikati. Kuokoa hela kwa kulewesha ukoo mzima, hongera sana.

Mama Choya, Njiro
Mdogo wangu karibu, achana nao hao. Mi natengeneza ya kunywa nyumbani na kuwapa mashoga, nitakwambia ninavyofanya.

Kwanza hiyo ya kufunga kabisa futa kichwani. Hamira ikila sukari inatoa pombe na gesi, na gesi hiyo ni nyingi, ukibana mfuniko mgumu kitapasuka chombo au mfuniko utaenda kupiga dari. Unachotaka ni gesi itoke na hewa ya nje isiingie. Dawa yake puto la watoto, unalitoboa kwa pini tundu moja, unalivika kwenye mdomo wa chupa na raba bendi. Likisimama wima ujue hamira iko kazini, likilala kazi inaisha.

Pili, usianze na lita 20. Anza na 5, chukua ile chupa kubwa ya maji ya lita 6 ili ibaki nafasi ya povu. Choya gramu 80 hivi, wakupimie kwenye mzani dukani usikadirie kwa kiganja, na sukari kilo 1. Choya usiichemshe ikatokota, inapoteza ile rangi nzuri na inakuwa na ladha ya kupikwa. Chemsha maji, epua, mwagia choya na sukari, funika nusu saa, chuja kwa kitambaa safi, ongezea maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka zifike lita 5. Halafu SUBIRI IPOE. Hapa ndo wengi wanaua hamira, wanaimwaga kwenye kitu cha moto halafu kesho wanalalamika hamira feki. Ukigusa usikie vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto, ndo uweke hamira kijiko kimoja cha chai.

Ndimu au limao usiweke, choya ni chachu yenyewe. Ila choya haina chakula cha hamira cha kutosha, tofauti na zabibu au ndizi, ukiacha hivyo hivyo itachacha kwa kujivuta au inakwama katikati. Tupia zabibu kavu kiganja kimoja zilizokatwakatwa. Au chukua kijiko kingine cha hamira uichemshe kabisa ife, umimine na maji yake, hamira hai inakula hiyo iliyokufa. Najua inasikika kama ushirikina ila inafanya kazi.

Na sufuria za aluminiamu usilazie choya humo, asidi inazila. Ndoo ya plastiki ya chakula, stenlesi au kioo.

Fundi Maabara
Mama Choya kamaliza, naongezea kwenye maswali ya kitaalamu.

Hamira ya maandazi na ya waini ni spishi moja, tofauti ni uvumilivu. Ya maandazi ikifika pombe asilimia 10 mpaka 12 huwa inachoka, ya waini inafika 14 na kuendelea na inatuama vizuri chini kwa hiyo waini inang'aa haraka. Hesabu ya haraka ni kwamba gramu 17 za sukari kwenye kila lita zinatoa kama asilimia 1 ya pombe. Kilo 1 kwenye lita 5 ni gramu 200 kwa lita, unaenda karibu 12. Sasa kuna watu wanamwaga kilo 2 humo ili iwe kali, haiwi kali, hamira inazidiwa na wewe unabaki na sharubati.

Kuhusu kupofuka, hiyo ni methanoli, ile pombe yenye sumu, na visa vingi ni pombe feki iliyotiwa spiriti au gongo lisiloeleweka. Kuchachusha choya na sukari methanoli yake ni kidogo mno, haiwezi kukufikisha huko. Ila usije ukapata wazo la kuichemsha uvune mvuke, hapo umeshatoka kwenye waini umeingia kwenye gongo, na hilo ni kosa kisheria.

Usafi ndo kila kitu. Osha chupa, loweka kwenye maji yenye Jik kidogo, kisha suuza na maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa. Madumu yaliyowahi kukaa mafuta ya kula au mafuta ya taa usiyaguse, harufu haitoki hata uoshe vipi.

Binti wa Usa River
Kwa sisi wa upande wa Meru mjue maji yetu mengi yana floraidi (ile ya kuharibu meno), na kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua ndo inazidi kukolea. Mi natumia ya chupa au ya mvua. Moshi sijawasikia wakilalamika sana ila nimesema tu.

Kijana wa Pasua
Daah nimepata darasa la bure. Sasa Desemba itawezekana? Na utamu wa wife?

Mama Choya, Njiro
Desemba hii hapana. Kuchacha kwenyewe ni wiki mbili mpaka tatu, halafu unaihamisha kwenye chupa nyingine safi ukiacha ule uchafu uliotuama chini, halafu inakaa mwezi, miwili, ndo ukali wa hamira unaondoka. Ya wiki tano inaleweka vizuri tu ila ina ladha ya mkate mbichi na mashemeji zako watakusema mpaka Pasaka.

Meku wa Uru
Si ndo nilisema mbege.

Fundi Maabara
Mi natofautiana na dada kidogo. Wiki tano ukiihamisha mara moja na kuiweka kwenye frigi siku chache inatuama, inanyweka. Siyo ya kujivunia ila inanyweka. Ya kung'aa ndo hiyo ya miezi mitatu.

Utamu hapa ndo pa kuwa makini. Ukiongeza sukari kwenye waini iliyokauka, yaani sukari yake imeshaliwa yote, hamira iliyobaki inaamka, ukiwa umeshafunga kizibo chupa zitapasuka kabatini. Usalama ni kutia utamu siku ya kunywa. Chemsha sukari na maji kidogo, ipoe, changanya kwenye jagi mbele ya wageni. Kuna dawa za kuizuia, metabisalfaiti na sorbeiti ya potasiamu, zinatumika pamoja, ila kwa lita 5 sioni sababu.

Na usifunge chupa kwa sababu puto limelala tu, baridi nayo inalilaza. Tafuta haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, ikisoma 1.000 au chini ya hapo, na baada ya siku kadhaa ikasoma vile vile, imeisha. Ukikosa, onja. Kama bado ina utamu, iache.

Binti wa Usa River
Na Moshi joto la Desemba siyo mchezo. Weka chupa sakafuni chumba chenye giza, izungushie gunia lililoloweshwa. Pia vile vinzi vidogo vya ndizi vikiingia humo umepata siki, siyo waini.

Dada wa Majengo
Mi swali langu pembeni, hii mtu akitaka kuuza?

Mama Choya, Njiro
Kuuza ni habari nyingine kabisa mpenzi, kuna leseni, TBS, stempu za TRA. Nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo hapo Moshi wakuelekeze, usianze kuuzia dirishani.

Kijana wa Pasua
Nimeelewa wakuu. Naweka lita 5 wikiendi hii ya kuonja Desemba, na nyingine lita 15 nafunika ya Pasaka. Desemba Meku utuletee hiyo mbege. Swali la mwisho, kuhamisha toka chupa moja kwenda nyingine bila kutibua uchafu wa chini nafanyaje, namimina tu?

Fundi Maabara
Usimimine, inaingiza hewa na inatibua. Chupa iliyojaa weka juu ya meza, tupu chini, tumia mpira wa dripu, vuta kidogo kwa mdomo ianze kutiririka, ncha ya juu isiguse chini kwenye uchafu na ncha ya pili izame ndani ya chupa ya chini isirushe povu.

Kijana wa Pasua
Mpira wa dripu upo, mama alilazwa mwezi uliopita tukarudi nao.

Binti wa Usa River
WEWE. Mpya. Famasi wanauza.