Mgambo, blanketi la yule mzee mmelipeleka wapi?

Wakuu, nina hasira, lugha ikiteleza mnisamehe.

Nauza kahawa na kashata karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Saa kumi alfajiri nishawasha jiko, na wanaolala kwenye vibaraza vya maduka ndio wateja wangu wa kwanza. Wengi si ombaomba. Huyu kuli, yule saidia fundi kwenye haya maghorofa yanayoota kila kona tangu serikali ihamie huku. Siku zege lisipomwagwa, hela ya chumba haipo.

Juzi likaja gari la mgambo, polisi wawili wamekaa mbele. Baridi ya Julai ya hapa mnaijua, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Kuna mzee analalia maboksi matatu na blanketi lake la kijivu. Kawaamkia vizuri tu, "Mbukwenyi." Kijana wa umri wa mjukuu wake akamjibu kwa teke la mguu: "Amka we, unachafua jiji!" Ndoo ya maji ikamwagwa juu ya maboksi. Blanketi na kisufuria chake vikatupwa garini. Vijana watatu wakapakiwa, kosa lao kuzurura. Mtu kalala usingizi, anazururaje?

Nikauliza, "Afande, blanketi nalo lina kosa gani?" Nikaambiwa nichunge birika langu. Nikanywea, nakiri. Mtaji wangu wote ni lile birika.

Mmoja wa wale vijana karudi jana jioni. Wenzake walichanga elfu ishirini ya kumtoa, risiti hakuna. Vibarua vya siku mbili vimempita. Kalala wapi? Palepale kibarazani!

Na hapo Arusha tu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishasema Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, nchi zizifute au zizirekebishe. Sheria zenyewe za mkoloni, alizitumia kuwatimua babu zetu mjini.

Watakuja wa kusema hao ndio vibaka. Kibaka mkamateni na alichoiba. Kumlowesha mzee kumezuia wizi gani?

Sasa hivi anajifunika turubai langu la meza. Anayejua vitu vinavyobebwa usiku vinapelekwa yadi ipi aniambie hapa. Blanketi lina kiraka cha kitenge chekundu pembeni.