Meko ya sebuleni yanarudisha moshi ndani: nichunguze nini kabla ya kuvunja dohani?

Mwanzilishi wa mada

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu meko ya kuni yaliyojengwa katika ukuta wa sebule yetu. Kila tunapoyawasha, moshi hurudi ndani kwa muda wa kama robo saa, kisha hupungua lakini haukomi kabisa. Hutoka polepole chini ya ukingo wa juu wa mdomo wa meko, na umekwisha kuacha weusi ukutani hadi karibu na dari. Dohani imepandishwa kwa upande wa nje wa nyumba, na madirisha ya sebule yalibadilishwa yakawekwa mengine yanayofunga barabara. Limenitia shaka pia jambo hili: mtu akiwasha feni ya kutolea hewa jikoni, moshi sebuleni huzidi papo hapo.

Nilipomulika tochi kwenye koo la dohani, yaani sehemu nyembamba juu ya meko moshi unapoingilia, niliona mahali pengine unga mweusi mkavu unaopukutika ukiguswa, na mahali pengine utando mweusi, mgumu, unaong'aa kama rangi ya mafuta iliyokauka. Kuni zetu zilikatwa miezi michache iliyopita. Fundi wa ujenzi ameshauri dohani ivunjwe na ijengwe upya ikiwa ndefu zaidi. Je, yapo mambo ninayopaswa kuyachunguza kwanza kabla ya kukubali kazi kubwa kiasi hicho?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, mwombe fundi asubiri. Tatizo la moshi kurudi ndani mara nyingi ni tatizo la hewa kabla ya kuwa tatizo la matofali, na dalili zote ulizozitaja zinaelekea huko.

Moshi hupanda pale tu hewa iliyomo ndani ya dohani inapokuwa na joto, na hivyo kuwa nyepesi kuliko hewa ya nje, na pale chumba kinapopata hewa nyingine ya kujaza nafasi ya ile inayotoka. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, moshi hutafuta njia iliyo rahisi, nayo ni sebule yako. Dohani iliyo nje ya nyumba hupoa haraka, kwa hiyo meko yasipowashwa kwa muda, hewa baridi na nzito hukaa ndani yake na kuziba njia. Hiyo ndiyo robo saa yako ya mwanzo. Dawa yake ni kuipasha dohani moto kabla ya kuwasha kuni: fungua kilango cha dohani, yaani bamba la chuma linalofungua na kufunga njia ya moshi, hadi mwisho, kunja karatasi chache za gazeti, ziwashe, kisha uzishike kwa koleo juu kabisa, karibu na koo, mpaka uone mwali unavutwa kwenda juu badala ya kuyumba kuelekea kwako. Hapo ndipo uwashe kuni. Na unapozipanga, weka magogo mazito chini, vijiti vikavu juu yake, halafu uwashie juu; moto ukishuka taratibu, dohani hupata joto mapema na moshi wa mwanzo huwa mchache.

Hicho kilango chenyewe usikiamini kwa kutazama mkono wake tu. Mkono unaweza kufika mwisho ilhali bamba lenyewe limefunguka nusu, ama kwa kutu, ama kwa masizi yaliyorundikana juu yake. Meko yakiwa yamepoa kabisa, ingiza tochi na kioo kidogo ulitazame bamba kwa macho yako.

Kuhusu feni ya jikoni, umejipatia jibu mwenyewe bila kujua. Feni inanyonya hewa ndani ya nyumba, madirisha mapya hayapitishi hata upenyo, na njia pekee iliyobaki ya hewa kuingia ni dohani, ikishuka na moshi. Jaribio lake ni rahisi: moto ukiwa unawaka, fungua kidogo dirisha la sebule, upana wa vidole viwili, na chagua lile linaloelekea upepo unakotoka. Moshi ukikoma, basi nyumba ina kiu ya hewa, na kurefusha dohani kusingekusaidia. Kama nyumba ina ghorofa, madirisha ya juu yafungwe wakati wa jaribio, kwa kuwa hewa yenye joto ikitokea huko, nyumba nzima hugeuka dohani na kushindana na ile ya meko.

Mchangiaji wa pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu hewa, lakini ningegeuza mpangilio wa kazi. Ule utando unaong'aa ndio wa kwanza kushughulikiwa, na nakusihi usiwashe moto wowote, hata wa majaribio, kabla haujaondolewa.

Unga unaopukutika ni masizi ya kawaida na brashi ya dohani huyaondoa. Utando mgumu ni kitu kingine: ni lami ya moshi, inayojijenga pale moshi uliojaa mvuke na gesi zisizoungua unapokutana na kuta za dohani zilizo baridi na kuganda hapo. Lami hiyo ni kuni ya pili iliyobandikwa ndani ya dohani. Ikishika moto, joto la ndani linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na likipata ufa hufikia mbao za paa. Brashi ya kawaida huipitia juu juu bila kuibandua, kwa hiyo mwite fundi wa kusafisha dohani mwenye zana zinazofaa, na umwombe akague nyufa siku hiyohiyo. Baada ya hapo ukaguzi uwe wa kila mwaka, na usafishaji ufanyike mara masizi yanapofikia unene wa milimita 3, hata kama mwaka haujaisha.

Chanzo cha lami hiyo, kwa maelezo yako, ni kuni mbichi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na moto hauwezi kukupa joto kabla ya kuyachemsha maji hayo yote. Ndiyo maana kuni mbichi hufukuta, hutoa povu na mvuke kwenye ncha zake, na kupeleka juu moshi baridi. Kuni nzuri zina unyevu chini ya asilimia 20. Ili zifike hapo, zipasuliwe kwanza, kwa kuwa gogo zima hukauka polepole sana, kisha zipangwe juu ya vipande vya mbao ili zisiguse ardhi, zifunikwe juu tu na pande ziachwe wazi zipigwe na upepo. Miti myepesi yaweza kuwa tayari baada ya miezi 6 hivi. Miti mizito na migumu huhitaji mwaka 1, mara nyingine 2. Kipima unyevu kinasaidia, mradi upasue kipande na kupima upande wa ndani uliofunguka sasa hivi, kwani ngozi ya nje hukauka mapema na kudanganya. Usipokuwa nacho, gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa kishindo kizito. Tazama pia nyufa kwenye ncha na gamba linaloachia lenyewe.

Kitu kingine cha kukataa kabisa ni mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki na takataka za nyumbani. Moshi wake una sumu na hula chuma cha kilango.

Mchangiaji wa tatu

Niitetee kidogo hoja ya fundi, kwa sababu zipo dohani ambazo kweli ni fupi. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni kwamba dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea kwenye paa, na iwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Chini ya hapo, upepo ukivuka paa huweza kuusukuma moshi urudi chini. Pima kwanza, ukikuta vipimo vinatosha, hoja ya kurefusha inakosa mguu.

Pima pia mdomo wa meko. Eneo la njia ya moshi linapaswa kuwa karibu sehemu 1 kwa 10 ya eneo la mdomo huo. Mdomo ukiwa mpana kupita kiasi, dohani haiwezi kuumeza moshi wote, nao hutoka chini ya ukingo wa juu, hasa kama unavyoeleza. Baada ya usafi kukamilika, shika bamba la chuma kwa glavu nene, liweke juu ya mdomo wa meko na ulishushe kidogo kidogo huku moto ukiwaka. Moshi ukikoma bamba lilipofunika sentimita kadhaa, basi unahitaji kizuizi cha kudumu cha kimo hicho na si dohani mpya. Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, aliandika mwaka 1796 kuhusu meko yanayotoa moshi ndani, naye aliyatibu kwa kupunguza kina chake, kulaza kuta za pembeni na kubana koo. Hakuona haja ya kurefusha kila dohani.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru sana. Dohani imesafishwa na kukaguliwa. Nyufa hazikuonekana, ila bamba la kilango lilikuwa linafunguka nusu, na juu yake kulikuwa na masizi pamoja na mabaki ya kiota cha ndege. Vipimo vya paa vinatosha. Nimepata kuni kavu, ninaipasha dohani moto kwa karatasi, na sasa moshi haurudi isipokuwa feni ya jikoni inapowashwa. Ninabaki na maswali mawili: je, naweza kufunga kilango usiku ili joto lisipotee, na majivu niyatoe lini?

Mchangiaji wa pili

Kilango kisifungwe maadamu kuna kaa hata moja jekundu. Makaa yanayozimika bila mwali ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Weka king'ora cha kuitambua gesi hiyo, kimoja sebuleni na kingine karibu na vyumba vya kulala. Mtu akiamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu na kichefuchefu, wote watoke nje kwanza, maswali baadaye. Na kwa sababu hiyohiyo feni ya jikoni na meko visifanye kazi pamoja mpaka sebule ipate tundu lake la kuingizia hewa kutoka nje.

Majivu usiyaondoe yote. Tabaka la sentimita 2 au 3 chini ya kuni huhifadhi joto na kurahisisha kuwasha. Yanayozidi yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uiweke nje juu ya saruji au udongo, mbali na ukuta, wala si kwenye sakafu ya mbao au ndani ya ndoo ya plastiki, kwa kuwa makaa yaliyofukiwa majivuni huweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa kuwa fundi alikuta kiota, mwambie arudi aweke kofia yenye wavu wa chuma juu ya dohani. Wavu huo nao hushika masizi, hivyo akaguapo dohani kila mwaka aanzie hapo juu.