Huyu anayejiita fundi umeme kanikatia waya, eti "huu hauna kazi"

Mleta uzi

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitoe sumu.

Mnamjua. Simtaji, lakini mnamjua. Yule anayekuja na plaizi moja na tepu nyeusi, hana mita, hana hata taa ya kupimia, na kabla hujamaliza kueleza ugonjwa ameshafungua boneti na kutamka "hiyo alteneta," ile mashine ya kuchaji betri. Kila gari kwake ni alteneta. Ungempelekea baiskeli angekwambia alteneta.

Leo kanikatia waya. Narudia: kakata waya mzima! Mweusi, mnene, umefungwa kwa bolti kwenye bati ndani ya buti, jirani na taa za nyuma. Kaushika, kautazama, akasema "huu hauna kazi," kwachu, kama anayepunguza kucha. Kiwanda gani duniani kinafunga kwa bolti waya usio na kazi? Gari la mwaka 1994 limetembea nao maisha yake yote, leo ndiyo hauna kazi?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ukiliegesha siku mbili tatu, betri imekufa. Basi. Na kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa kinatafutwa kwa utaratibu unaojulikana: zima kila kitu, funga milango, weka mita kwenye ampea kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, subiri gari litulie, soma. Ikizidi sana miliampea 50, unaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inaporomoka, mwizi yuko kwenye njia yake. Hakuna uganga hapo. Yeye kabadilisha betri. Kisha alteneta. Kisha rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo nilipomuuliza ni ya nini alijibu "ya umeme." Betri ikaendelea kufa. Ndipo akahamia kwenye buti na plaizi lake.

Mnajua kilichofuata? Nikikanyaga breki, indiketa inawaka. Nikiwasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa. Waya ule ulikuwa eathi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi, ya taa zote za upande ule! Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, sasa unapenya kwenye balbu za jirani kutafuta pa kutokea. Namwonyesha, ananijibu, "Gari limezeeka, liuze." Limezeeka! Asubuhi taa zote zilikuwa nzima! Plaizi liko mkononi mwake bado!

Nimefungua boksi la fyuzi nikakuta mengine. Palipokuwa na nyekundu ya ampea 10 kaweka ya kijani ya 30. Waya mwembamba ukipigwa shoti hapo, fyuzi haikatiki, waya ndio unaogeuka fyuzi, unaungulia ndani ya dashibodi usikouona. Hilo peke yake lingetosha kumfukuza. Lakini "huu hauna kazi"! Mbele yangu! Kwachu!

Asitokee mtu wa kumtetea hapa.

Kipanga

Wa tepu nyeusi? Mkuu pole sana. Kwangu waya ulikuwa wa kijani, na maneno yalikuwa "huu hauhusiki." Feni ya rejeta haijazunguka tangu siku ile.

Fyuzi Kumi

Mleta uzi, umemwona hana mita, ukamwacha abadilishe betri, ukamwacha abadilishe alteneta, ukamfungulia na buti. Ulitaka aandike barua ndiyo ushtuke?

Mleta uzi

Ilikuwa sekunde moja! Kaushika, "huu hauna kazi," kwachu. Wewe ungefanya nini?

Fyuzi Kumi

Ningelala na funguo za buti chini ya mto.

Bi Usukani

Acheni kumcheka mwenzenu. Kaka, usitembee usiku kabla hujaurudisha huo waya, wa nyuma hatajua unafunga breki au unakata kona. Usiupinde kwa mkono na kuufunga tepu. Tia kichwa kipya cha kubana, kwangua bati mpaka ling'ae, kaza bolti, ndiyo upake grisi kuzuia kutu. Halafu pima: taa zikiwa zinawaka, mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha soketi ya balbu. Isome karibu na sifuri. Ikikaribia nusu volti, eathi bado mbovu.

Na kuhusu betri, taa ya ndani ya buti umeiangalia? Balbu ya wati 10 isiyozimika inakula karibu ampea 0.8. Betri ya ampea-saa 60 inakaushwa kwa siku tatu.

Mleta uzi

Dada nimetoka huko sasa hivi. Nimeibonyeza swichi ya taa ya buti kwa kidole mpaka mwisho, taa haizimi! Imeganda! Na iko kiganja kimoja tu kutoka kwenye ule waya. Alikuwa ameinama chini ya taa hiyo hiyo, inamwakia kichwani, ndiyo iliyomsaidia kuona waya wa kukata!

Kipanga

Nimecheka hadi nimeamsha watoto.

Kanyaga Twende

Ninyi hamjakutana na mfunga redio. Wangu kabadilishana waya wa umeme wa kudumu na ule unaopata umeme ukiwasha swichi tu, redio inasahau stesheni kila nikizima gari. Plagi ya kiwandani aliikata akaitupa. Sasa nyuma ya redio pananing'inia nyaya zimeviringishwa kwa vidole, na tepu ikipata joto inageuka gundi, inateleza, nyaya zinabaki uchi.

Kipanga

Bora huyo. Mfunga alamu ndiye janga. Anakata waya wa stata ili apitishie rilei yake. Rilei ikichoka stata haizunguki, na kila unayemwita anaanza na "stata imekufa."

Kanyaga Twende

Au alteneta.

Mleta uzi

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kashika eathi, kasema "huu hauna kazi," na mpaka sasa hajaomba radhi!

Babu Kabureta

Vijana mnalia na eathi ya siku hizi. Magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 eathi yake ilikuwa chanya. Nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Huyo wenu angeunguza mtaa.

Fyuzi Kumi

Chanya kwenye bodi? Babu, hapo umetupiga.

Babu Kabureta

Sijakupiga. Na Volkswagen Beetle za zamani zilikuwa za volti 6. Taa zake ukikuta waya una kutu kidogo tu, huoni shimo mpaka uwe ndani yake.

Kanyaga Twende

Sasa gari la eathi ya chanya likiishiwa betri, unaliwashaje kwa kuazima umeme wa gari la kisasa?

Babu Kabureta

Kama yote ni ya volti 12, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, hilo halibadiliki. Ila bodi za magari zisigusane kabisa, maana moja ni chanya na nyingine ni hasi. Zikigusana hiyo ni shoti ya betri mbili.

Fyuzi Kumi

Dah. Hii sikuijua.

Mleta uzi

Na waya wangu?

Bi Usukani

Kwangua bati kaka. Na chomoa hiyo balbu ya buti usiku huu.

Kanyaga Twende

Babu usiondoke. Redio ya kisasa ukiifunga kwenye gari hilo la eathi ya chanya inakuwaje?

Babu Kabureta

Ganda lake ni hasi, bodi ya gari ni chanya. Ukilibana kwenye bati bila kulitenga, umejipigia shoti mwenyewe. Fungulia uzi wake, nina mengi ya kusema juu ya wafunga redio.