Tupeane uzoefu: kambi za mazingira za wanafunzi msitu wa Amani, nini huharibika na kwa nini?

Mkufunzi wa Vijana
Wakuu, likizo ya Juni hiyo inakaribia na vikundi vya wanafunzi vitaanza kupanda Amani, Usambara Mashariki. Makosa ni yaleyale kila msimu. Mwanafunzi anateremka Muheza na picha mia za kinyonga, ila daftari la vipimo limelowa halisomeki. Wanaozijua kambi hizi waje hapa, kila mtu na eneo lake.

Naanza na daftari. Kalamu ya wino acheni nyumbani. Penseli ya 2B, kichongeo, na daftari la jalada gumu ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, msiitegemee. Na mkiambiwa masika yamekwisha, hayo ni maneno ya watu wa Tanga mjini. Huku juu ukungu unajikusanya kwenye majani na kudondoka usiku kucha hata pasipo mvua.

Futi Kamba
Umenikumbusha fomu za vipimo vya miti. Kosa kubwa kuliko yote ni hili: futikamba ya fundi cherehani inapima mzingo, fomu inauliza kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha 29.9, kwa sababu unagawanya kwa 3.1416. Mwanafunzi anaandika 94 kwenye safu ya kipenyo, jioni eneo la shina linatoka karibu mara 10 ya ukweli, na kikundi kizima kinashangilia kwamba msitu una miti minene ajabu.

Kipimo ni mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kimo cha kifua cha mtu mzima. Kateni fito za urefu huohuo (fito kavu zilizoanguka, si miche), kila jozi iwe na yake, maana kifua cha mtoto wa miaka 13 si kifua cha mwalimu. Kwenye mteremko simameni upande wa juu wa mti. Mti wenye mizizi iliyosimama kama kuta, pimeni sentimita 50 juu ya pale kuta zinapoishia, na mwandike kimo mlichopimia. Mtambaazi uliojizungusha kwenye shina msiukate, pitisheni futikamba chini yake. Kamba ikilegea upande wa nyuma, msio na mtu wa kuangalia, mmeongeza sentimita za bure.

Halafu mteremko wenyewe. Mita 20 zilizolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 30 ni mita 17.3 tu ukizipima kwa usawa, kama kwenye tambarare. Ploti (kipande cha msitu cha kupimia) mliyoiita mita 20 kwa 20 ina mita za mraba 346, si 400. Hapo inabidi mtandaze mita 23.1 ndipo mpate 20 za kweli.

Binti Sigi
Kweli tupu. Hapo kwenye mteremko ndipo takwimu zote zinapokufa.

Mama Kitalu
Kwenye kitalu kosa ni mbegu. Wanafunzi wamezoea kuambiwa "anika mbegu zikauke, hifadhi". Mbegu nyingi za miti ya msitu wa mvua hazitaki hivyo, ukizianika umeziua. Okota, osha nyama ya tunda, panda ndani ya siku chache. Msambu ndio usiseme. Mbegu yake inaweza kukaa ardhini zaidi ya miezi sita kabla haijachipua, na panya buku wanaifukua kila siku ukiiacha wazi. Kambi ya siku saba isiahidi watoto kwamba wataona msambu ukiota. Wafundisheni kujaza viriba (vifuko vya kuoteshea miche): udongo wa juu wa msituni ndoo 3, mchanga 1, samadi iliyooza vizuri 1. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kiriba kigongwe chini mara mbili tatu wakati wa kujaza ili pasibaki mfuko wa hewa, na kijae hadi sentimita moja kutoka mdomoni. Kikipungua, maji yanatuama na shingo ya mche inaoza.

Mche ukiachwa ardhini miezi bila kuinuliwa, mzizi unatoboa chini. Siku ya kupanda unaukata wote kwa mpigo, na mche unanyauka mbele ya mgeni rasmi. Inueni viriba na kupogoa mizizi mara kwa mara tangu mapema.

Kurunzi ya Usiku
Wakuu, mmetaja yote, hamjataja siafu. Nieleze usiku wao unavyokwenda, kwa sababu ndio usiku mbaya kuliko wote kambini na karibu kila mara umeandaliwa mchana na watu wenyewe.

Mchana: sufuria ya wali inaoshewa nyuma ya mahema, makombo yanabaki kwenye nyasi. Mwanafunzi ana dagaa wa kukaanga ndani ya begi, na begi liko hemani. Zipu ya hema imefungwa ikaachwa upenyo wa vidole vitatu kwa sababu kuna joto. Jioni, mita 15 kutoka hapo, kuna uzi mweusi unakatiza njia, mpana kama kidole gumba. Mtu anaupita kwa kuruka, hasemi kitu.

Saa 7 au 8 usiku hamsikii siafu kwanza. Mnasikia wadudu wengine. Panzi wanagonga hema, mende na buibui wanaingia wakikimbia, jongoo wanapanda turubai. Halafu mlio mwembamba juu ya majani makavu, kama mvua inayoanza, na ukitoa mkono nje hakuna mvua. Hizo ndizo dakika zenu za kutoka. Msafara uliokuwa uzi jioni sasa umefunguka kama feni, na kila kilicho hai kinachoshindwa kukimbia kinaliwa.

Anayelala fofofo anaamka akiwa na siafu mwilini. Siafu vibarua ni vipofu, wanafuata harufu na mtikisiko, wanapanda kimya hadi kwenye pindo za nguo, kiunoni, kwapani, kichwani. Mtoto anapiga kelele, anakanyagakanyaga, anazima tochi kwa kuiangusha. Kukanyaga ndiko kunakowapandisha hasira. Hapo wengine wanakimbia kwa kufuata njia, na njia mara nyingi ndiyo iliyojaa siafu.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja tu atoe amri. Tochi ardhini kwanza, mjue wanatokea upande gani, kisha tokeni kwa kwenda pembeni mbali na msafara, si kwa kuukimbia mbele yake. Nendeni mita 30 mahali palipokubaliwa tangu jioni ya kwanza. Mgonjwa aliyelala na mwenye pumu watolewe kabla ya mizigo. Hesabuni watu, hesabuni tena. Ndipo nguo zivuliwe (wasichana upande wao na mwalimu wa kike) na siafu waondolewe mmoja mmoja. Ukimvuta kwa pupa mwili unakatika, kichwa kinabaki na meno yake yameshika. Kibane kichwa chenyewe kwa kucha.

Hema liacheni. Kupita kwao huchukua saa chache, wakiondoka hamkuti mende hata mmoja. Mkiwa na kuku bandani, fungueni mlango mapema, kwani aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Mdau wa Bulwa
Hii ya wadudu kukimbilia hemani kwanza ni kweli kabisa. Watu wanadhani ni mvua.

Bwana Stoo
Mkuu, unazunguka mbali. Mwaga mafuta ya taa kuzunguka mahema, biashara imekwisha.

Mhifadhi Mstaafu
Bwana Stoo, hapana. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na mto Sigi unaotoka humu ndio unaoinywesha Tanga. Mafuta ya taa kwenye mteremko yanaishia kijitoni, na vyura wa hapa wanapumua kwa ngozi pia. Tena mmezungushia moto unaosubiri kiberiti mahema ya nailoni yenye watoto ndani.

Bwana Stoo
Basi majivu. Wazee wote wanatumia majivu.

Kurunzi ya Usiku
Majivu makavu yanawachelewesha, sikatai. Yakilowa ni udongo tu, na usiku wa Amani hayamalizi saa mbili bila kulowa. Ulinzi ni chakula kukaa stoo moja mbali na mahema, zipu kufungwa hadi mwisho, na zamu ya kuzunguka na tochi saa 4, saa 7 na saa 10.

Bwana Stoo
Majivu mengi, ndugu yangu, si kiganja kimoja. Debe zima.

Nesi wa Kambi
Wakati mnabishana majivu, kinachofunga kambi nyingi ni kuhara. Watu 40 kwa lita 4 za kunywa ni lita 160 kwa siku, hapo hujapika wala kunawa. Kuchemsha: yachemke hasa, mapovu makubwa dakika moja kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa kwenye chombo chenye koki. Kosa ni kombe la kuchotea. Maji yamechemshwa vizuri, halafu mikono 40 inaingia ndoo moja.

Wanaotumia vidonge vya klorini, someni paketi. Viko vya lita 1, vya lita 5 na vya lita 20, na vinafanana. Kidonge cha lita 1 ndani ya ndoo ya lita 20 hakijatibu kitu. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu uchafu unakula klorini. Subirini dakika 30 kabla ya kunywa.

Futi Kamba
Lita 160 za kuchemsha kwa kuni ndani ya hifadhi? Kuni zinatoka wapi, dada? Vidonge.

Nesi wa Kambi
Gesi, kaka. Mtungi mmoja mkubwa wa jikoni na mwingine wa akiba. Vidonge viwe vya akiba na vya safari za mchana. Na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kijito, upande wa chini wa mnapochota, tundu 1 kwa watu 20, ndoo ya kunawia na sabuni hapohapo mlangoni.

Mkufunzi wa Vijana
Asanteni, ila tumezama kwa siafu. Kinyonga na vyura je?

Kurunzi ya Usiku
Kinyonga watafuteni usiku, mchana mtapita mita moja msimwone. Akilala anapauka, na kwenye mwanga wa tochi anang'aa kama jani lililogeuzwa upande wa chini, ameng'ang'ania ncha ya kijiti na mkia umejiviringisha kama springi ya ndani ya saa ya ukutani. Tembeeni taratibu sana, mita 100 kwa nusu saa, mmoja amulike kushoto, mwingine kulia, wa tatu aandike kimo. Vile vidogo vya rangi ya majani makavu vinalala chini ya goti, kwa hiyo anayemulika juu tu hatavihesabu. Msimguse. Akiangushwa usiku anaachwa ardhini, na ardhini ndiko waliko wawindaji.

Chura akibidi kushikwa, mikono iwe imelowa maji ya kijito hichohicho na haina dawa ya mbu. Mkihama kutoka kijito kimoja kwenda kingine, sugueni matope yote kwenye viatu na kuviosha kwa dawa ya klorini, mbali na maji. Ugonjwa wa kuvu wa vyura unasafiri kwa matope.

Mwalimu wa Jiografia
Naongeza kipimo cha mvua, hakihitaji fedha. Chupa mbili zinazofanana, zikatwe shingo, shingo igeuzwe iwe faneli. Moja uwanjani, mbali na miti kwa angalau mara mbili ya urefu wake, nyingine chini ya mwavuli wa msitu. Saa 3 asubuhi kila siku. Mililita mlizopata gawanyeni kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, zidisheni kwa 10, hiyo ni milimita. Mdomo wa nusu kipenyo cha sentimita 4.5 una eneo la sentimita za mraba 63.6, hivyo mililita 100 ni mvua ya milimita 15.7. Ya msituni itapungua, kwa sababu sehemu ya mvua inabaki kwenye majani na kurudi hewani. Huo ndio mjadala mzuri kuliko hotuba ya saa nzima.

Mdau wa Bulwa
Na siku ya usafi wa msitu vijana wang'oe msizi wote. Mti ule (kisayansi Maesopsis) ni mgeni, umekula msitu.

Mhifadhi Mstaafu
Ni mgeni kweli, na hondohondo ndio wanaosambaza mbegu zake. Lakini miche yake inapenda mwanga. Ilishamiri hasa magogo yalipovunwa miaka ya 1970 na 1980, mwavuli ukafunguka. Ukiua msizi mkubwa ghafla umefungua dirisha jingine, na kinachoingia ni misizi mingine pamoja na Clidemia, kichaka kile cha majani ya manyoya. Pandeni kwanza miche ya asili chini yake. Na mwanafunzi asing'oe mche wowote bila askari wa hifadhi kuutazama.

Mama Kitalu
Naunga mkono. Miche midogo ya asili imeng'olewa sana kwa jina la usafi.

Mdau wa Bulwa
Nimekuelewa mzee, ila ya kimo cha goti bado nasema ing'olewe, maana mwaka kesho itakuwa juu ya kichwa.

Mhifadhi Mstaafu
Ya kimo cha goti, mbele ya askari, sawa.

Mwanafunzi Kidato cha Tatu
Shikamooni. Nakwenda kwa mara ya kwanza. Gambuti au raba? Na mti ukiwa na mashina mawili nipime lipi?

Bwana Stoo
Marahaba. Gambuti, na suruali ndani.

Nesi wa Kambi
Raba zenye meno. Gambuti linateleza kwenye mawe yaliyolowa na linachuna kisigino kwenye kupanda. Soksi jozi 5 na suruali ndani ya soksi.

Futi Kamba
Marahaba mwanangu. Mashina yakigawanyika chini ya mita 1.3, pima yote mawili, namba moja ya mti, andika a na b. Yakigawanyika juu ya hapo, ni shina moja. Yakigawanyika palepale kwenye 1.3 pana uvimbe, shuka hadi chini ya uvimbe pale shina linaponyooka, pima hapo, na uandike kimo ulichotumia.