"Nusu saa tu unamaliza diski za breki" – nyie mnaorekodi hizo video mna roho mbaya sana

Wakuu mtanisamehe kwa lugha, naandika mikono bado ina grisi nyeusi ambayo sabuni imeshindwa na nina hasira tangu asubuhi.

Hawa jamaa wa video wote wanaanza vilevile. Gari safi kama limetoka kiwandani jana, chini hakuna hata tope, halafu jamaa anakwambia toa tairi, fungua kalipa (ile inayobana diski), chomoa diski ya zamani, chomeka mpya, rudisha, nusu saa tu usimpe fundi hela yako. CHOMOA. Yaani kama unachomoa sahani kabatini. Gari langu lina miaka kumi na kitu, limelowa mvua zote hizo, we unaniambia chomoa?

Kwanza kile kiskrubu. Kuna kiskrubu kidogo cha nyota kinashikilia diski kwenye habu, yaani kile chuma ambacho diski na tairi vinafungwa juu yake, magari mengi kipo, kwenye video kinazunguka kwa vidole viwili. Changu niliweka bisibisi nikakaza mkono, ikaruka nje, nikarudia ikaruka tena, mara ya tatu kichwa kimeshaliwa kimekuwa shimo la duara linang'aa. Baadaye sana ndo naambiwa na mzee mmoja fundi kwamba unatakiwa uigonge kwanza na nyundo au utumie ile bisibisi ya kugonga inayozunguka yenyewe. Mi nikaishia kutoboa kichwa na drili. Na kumbe kiskrubu chenyewe wala hakishikilii kitu cha maana, kinaishika tu diski isidondoke wakati unafunga, kazi yote inafanywa na nati za tairi! Masaa mawili nimepigana na kitu ambacho hakina kazi.

Kikatoka, diski haijatikisika hata chembe. Imeganda na kutu. Nikagonga na nyundo mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna mtu kaumia, nikagonga weee, halafu nimechoka nimekaa chini ndo naona kwenye diski kuna matundu mawili madogo yana nyuzi za bolti. Ni ya kusukumia diski, wakuu. Unaingiza bolti mbili, kwangu zilikuwa za milimita 8, unakaza moja kidogo na nyingine kidogo, diski inasukumwa inatoka yenyewe taratibu. Dakika tano. Hakuna aliyesema, na mi nimeshaipiga bearingi makofi ya bure.

Lakini hayo yote ningesamehe. Kilichonileta hapa ni HABU.

Nimefunga diski mpya na pedi mpya (vile vipande ndani ya kalipa vinavyoibana diski), zote mbili za mbele, gari limesimama vizuri kabisa nikajisifu kwa kila mtu. Baada ya kama kilomita elfu nne hivi usukani ukaanza kutetemeka nikikanyaga breki kwenye mwendo, pedali nayo inadunda chini ya mguu. Nikarudi kwa aliyeniuzia, bila hata kuangalia akasema zimepinda hizo, wewe unakanyaga breki vibaya, au umepita kwenye maji zikiwa za moto. Nikaamini! Nikanunua seti ya pili. Kilomita elfu chache tena, mtetemo uleule, na safari hii nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai.

Sasa yule mzee akaniazima geji yake ya mshale, ya kupima diski inayumba kiasi gani ikizunguka. Toa tairi, rudisha nati uzikaze ili diski ilale vizuri, shika geji isimame imara, ncha iguse uso wa diski karibu na ukingo, zungusha kwa mkono uangalie mshale. Magari mengi kikomo cha kuyumba ni kama 0.05 mm. Kulia nikapata 0.04, safi. Kushoto mshale ukaenda 0.15. Nikatoa diski (imetoka kirahisi maana bado mpya) nikamulika tochi kwenye habu, na hapo katikati ya studi mbili (zile bolti zinazoshika nati za tairi) kuna ganda la kutu limenata, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, unene wake kama karatasi ya daftari. Basi. Hilo ndo limenila seti mbili.

Maana diski ikilala juu ya kile kiganda inakaa upande, na kadiri unavyoenda ukingoni upande unazidi, kila mzunguko sehemu ileile inapapasa pedi hata kama hujakanyaga breki. Inalika pale pale kidogo kidogo kilomita elfu kwa elfu mpaka diski inakuwa na sehemu nene na sehemu nyembamba, ndo pedali inadunda. Haijapinda chochote! Ndo maana siku ya kwanza kila kitu kinakuwa kitamu, na jamaa wa video anazima kamera siku ya kwanza.

Nikakaa na brashi ya waya na msasa, nikasugua kati ya kila studi na kuzunguka kile kitovu cha katikati mpaka chuma kikawa kijivu, nikarudisha diski ileile, nikapima: 0.03. Dakika kumi na tano za kusugua. Nimeangalia tena zile video zote, tatu hazionyeshi habu kabisa, moja jamaa anapangusa na kitambaa, KITAMBAA, halafu anasema tuendelee.

Mengine nayaacha. Eti nao kalipa wameiacha inaning'inia kwa mpira wa breki badala ya kuifunga na waya, na hakuna aliyesema ukishasukuma ndani pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, ukanyage pedali mara kadhaa kabla ya kulisogeza gari, mi mguu ulienda mpaka chini nikiwa nimeshaweka rivasi, nikaokolewa na handbreki.

Na msiniambie basi umepata dawa. Habu imepona ila diski zenyewe zimeshalika sehemu moja, bado zinatetema, kwa hiyo kesho nafunga seti ya tatu. Kile kiskrubu sikirudishi.