The Stones of Venice ya Ruskin: historia ya majengo au riwaya?

Kalamu_Butu: Wakuu habari. Nipo mwaka wa pili usanifu majengo, lekchara katupa The Stones of Venice ya John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Uingereza (1851 hadi 1853, volyumu tatu!) anataka vipengele vya kifasihi. Mi nilitegemea matao na nguzo, nafungua tu nakutana na viti vitatu vya enzi baharini, Tiro (mji wa kale wa Wafoinike), Venice na Uingereza, cha kwanza kimebaki kumbukumbu, cha pili magofu, cha tatu kikisahau mfano wao huenda kikaangamia bila kuhurumiwa kama wao. Haya si mahubiri? Nianzie wapi?

FundiTao: Mahubiri ndiyo, huyo kalelewa na Biblia. Ila we anzia kwenye ngazi. Sura hiyohiyo yuko kanisani San Giovanni e Paolo, kwenye kaburi la Andrea Vendramin, mtawala wa Venice, sanamu inasifiwa na kila mtu. Anauona mkono mmoja, wa pili hauonekani, basi anaegesha ngazi anapanda anapapasa kwenye vumbi huko nyuma, hamna mkono! Na uso umechongwa upande mmoja tu, ule wa kuonekana na watu wa chini. Anakupandisha naye, ukishuka ushakubali kwamba Venice imeoza.

Mpinzani Rasmi: Na hapo ndo anapowapiga. Kaburi liko juu ukutani, mchongaji kuacha upande usioonekana ni dhambi gani? Halafu eti Venice ilianza kuanguka tarehe 8 Mei 1418, alipokufa Carlo Zeno, amiri wao wa vita. Jamhuri ya Venice imedumu mpaka 1797 majeshi ya Napoleon yalipoingia! Hiyo ni ploti, alihitaji msiba wa kufungulia.

FundiTao: Ploti sawa sikatai, lakini jamaa alipima, baridi ya 1849/50 na tena 1851/52 yuko Venice na daftari, nguzo kwa nguzo, kwa hiyo usimfanye mtunzi wa hadithi tu. Dogo, soma sura ya St Mark's, lile kanisa kubwa la Venice, volyumu ya 2, anakupitisha kwanza kwenye kanisa kuu la Uingereza, kimya, ndege wanazunguka mnara, kisha uchochoro wa Venice upana kama futi 7, wachuuzi wanapayuka, ghafla uwanja unafunguka na marumaru huko juu yanapasuka kama povu la wimbi. Huo mpangilio peke yake unatosha insha nzima, achana na kuorodhesha tashbihi.

Kalamu_Butu: Shukrani wakuu. Kwa hiyo 1418 niiandike kama tarehe ya Ruskin, sio ya Venice?

Mpinzani Rasmi: Hapo umeelewa. Na 1797 usiisahau.